Ukaguzi wa Bure wa Fundi Ngassa

Ndugu zangu, mimi nimeishia darasa la saba, lakini haya sikusimuliwa. Yametokea nyumbani kwangu, hapa hapa Bariadi.

Mwaka juzi tulikuwa na amani. Mume wangu Ngassa, fundi ujenzi, alianza kazi ya kukagua nyumba kwa watu wanaotaka kununua. Asubuhi anabeba ngazi na pima maji, mimi namshikia kamba. Anagonga kuta, anapanda darini, anachungulia msingi. Mnaujua udongo wetu mweusi: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, na nyumba inapasuka nao. Ngassa alitoza elfu thelathini, na alisema ukweli.

Shida ikawa watu. "Kuangalia nyumba tu elfu thelathini? Kwani mimi kipofu?" Bango letu likakaa barabarani wiki tano, wakaja wateja wawili.

Ndipo akatokea dalali Fredrick.

"Fundi, biashara huijui. Andika BURE. Mwenye nyumba atakulipa, ikishauzwa."

"Na isipouzwa?" nikauliza.

"Shemeji, wewe tuletee chai."

Ngassa akacheka. Kesho yake akaandika BURE kwa rangi nyekundu, na simu ikawa haipoi. Tulikula nyama, sikatai. Ila tangu siku ile sikumsikia hata mara moja akisema nyumba ni mbovu. Jamani, nyumba zote za Bariadi zilikuwa zimepona? Nilimuuliza, akaninunia siku mbili.

Mwezi wa tisa akaja mjane kutoka kijiji cha Sapiwi, Nyanjige. Alikuwa ameuza ng'ombe kumi na wawili anunue nyumba mjini, wajukuu wasome. Kwenye kona ya chumba cha nyuma niliona plasta mpya, rangi haijafanana. Nikamvuta Ngassa shati. Akanikanyaga mguu.

Nyanjige naye akaiona. "Mwanangu, hapa pamezibwa nini?"

"Urembo tu, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Nyumba nzima hii."

Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Mimi nikanyamaza. Hilo linanikera mpaka leo.

Nyanjige akainunua, akahamia na wajukuu. Mvua za Desemba zikaja. Ukuta wa nyuma ukafunguka mpaka mkono unapita, kisha ukaanguka mchana, bahati wajukuu wako nje. Kesho yake asubuhi Nyanjige akaja kwetu, miguu imejaa tope. Hakupiga kelele.

"Mwangaluka," akatusalimu. Tukaitika.

"Ngassa, nilikuuliza mara mbili."

"Mayu, mimi sikukutoza hata shilingi."

"Ungenitoza, mwanangu. Nilikuwa nayo."

Ngassa akainama.

Habari ilifika sokoni kabla ya jioni. Sasa mume wangu hapewi hata choo cha kujenga. Nyanjige amerudi Sapiwi na wajukuu, zizi halina hata ndama. Na Fredrick? Anauza nyumba kama kawaida, kashapata fundi mwingine wa bure.

FUNZO

Wewe mnunuzi, usione uchungu kumlipa anayekukagulia. Usipomlipa wewe, kuna mwingine anamlipa, na huyo ndiye anayefanyiwa kazi. Wewe fundi, taja bei yako uisimamie, hata wateja wakiwa wachache. Na sisi tunaoona kasoro, tuseme palepale, mwenzetu akiwa bado ana hela yake mkononi.