Kijiti Ndani ya Mzizi

Daktari wa meno alipotoa kizibo cha muda kwenye gego la Mama Pacha, alitarajia harufu ya dawa. Akanusa udi. Aliinua kichwa akamtazama mume wa mgonjwa, aliyekuwa kasimama mlangoni.

"Kuna mtu amechoma udi?"

"Hapa? Hapana, daktari."

Gego lilikuwa limevunjika hadi kwenye fizi. Mshipa ulishatolewa na mzizi kusafishwa. Kilichobaki ni kusimamisha kijiti cha chuma ndani ya mzizi, kukijengea kisiki juu, halafu kuvisha jino kofia. Kazi ya kila siku. Alipaka saruji, akakisukuma kijiti. Kikarudi. Akakisukuma tena, safari hii kwa nguvu, nacho kikapanda polepole, kama kinachosukumwa na kidole, kikadondoka kifuani kwa mgonjwa.

Kioo kidogo alichokishika daktari mdomoni mwa mgonjwa kikaingia ukungu. Ilhali Mama Pacha alikuwa amebana pumzi.

"Daktari," shangazi wa mgonjwa alinong'ona kutoka kwenye kiti cha pembeni, "mwache atoke kwanza."

"Nani?"

"Aliyemo. Tumemsomea wiki nzima. Jana ndipo alipokubali kutoka, na njia yake ni hilo tundu la jino."

"Shangazi, basi!" mume akafoka kwa sauti ya chini. "Mke wangu ameteseka vya kutosha. Maliza, daktari."

Daktari akapaka saruji upya, akakandamiza kijiti kwa kidole gumba, na chini ya kidole kile akahisi kitu kikigonga, kwanza taratibu, kisha kwa pupa, kama mtu aliyefungiwa chumbani moshi ukiingia, kikagonga na kugonga huku jasho likimwingia machoni, mpaka saruji ikakauka na kila kitu kikanyamaza. Akajenga kisiki. Harufu ikapotea.

"Unajisikiaje, mke wangu?"

Mama Pacha akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Samahani, wewe ni nani?"

Shangazi akaangua kilio. Daktari akanyakua koleo. "Fungua mdomo, mama. Nakitoa kijiti sasa hivi."

Mama Pacha akatabasamu, midomo imefumbwa kabisa, na sauti nzito ya kiume ikatokea nyuma ya meno yale.

"Acha tu, daktari. Nimeshaghairi."