Jina la Nane

Rukaya alikata roho Jumamosi saa moja asubuhi, kwenye benchi nje ya chumba cha kusafishia damu, katika hospitali moja ya misheni mjini Meru. Figo zake zilikuwa zimekufa kitambo. Mashine ndiyo iliyomweka hai, kila Jumatano na Ijumaa. Wiki hiyo alirudishwa nyumbani mara zote mbili, kwa kuwa jina lake halikuwa kwenye orodha ya kompyuta.

"Nilimwambia karani huyu ni mgonjwa wetu," Sista Runji alimweleza Sajini Winrose Gacheri. "Akasema kompyuta imejaza watu wanane, na mashine zetu hazibebi wa tisa."

Winrose aliomba nakala za orodha. Ile iliyochapishwa Jumanne saa sita mchana ilimweka Rukaya nafasi ya nane kwa siku iliyofuata. Ile ya saa nane haikuwa naye. Juu kabisa lilikuwa limeingia jina jipya, Gladwell Mwendwa, mjane kutoka Kangeta.

"Kati ya saa sita na saa nane, nani aliigusa seva, ile kompyuta inayotunza orodha?" Winrose alimuuliza karani.

"Suhail peke yake," karani alijibu.

Suhail ndiye aliyetengeneza tovuti ya kwanza ya hospitali, kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Sasa hospitali ilikuwa ikihamia lugha nyingine, Python, na kazi yake ilikuwa iishe mwisho wa mwezi. Programu mpya ya orodha iliandikwa na Mukiri, ambaye Jumanne kutwa alikuwa Embu akifundisha darasa la watu thelathini. Faili yake ilibadilishwa mara ya mwisho Jumatatu, saa kumi na dakika tano. Winrose aliiona tarehe hiyo akaipita, maana Jumanne saa sita orodha ilikuwa bado sawa.

Alimkamata Suhail siku hiyo hiyo. Idrisi, mume wa Rukaya, alifunga bucha yake katika soko la Gakoromone akaja kusimama kwenye lango la kituo cha polisi. Suhail alipopitishwa na pingu, Idrisi alimtazama tu. Walikuwa wakiswali msikiti mmoja.

Jumatatu asubuhi Winrose aliketi mbele ya Suhail.

"Ulikasirika kufutwa kazi."

"Nilikasirika, madam. Lakini hiyo orodha iko kwa Python."

"Tofauti ni nini? Zote si kompyuta?"

Suhail alijifuta uso. "Faili yangu ya PHP husomwa upya kila mtu anapofungua ukurasa. Nikibadilisha saa hii, unaona saa hii. Programu ya Mukiri, vile aliiweka, husomwa mara moja tu ikiwashwa, halafu inakaa kwenye kumbukumbu ya seva. Ukibadilisha faili, seva inaendelea kufuata ile ya zamani mpaka izimwe na kuwashwa tena."

Winrose aliacha kuandika. "Na Jumanne ilizimwa?"

"Stima ilipotea saa saba. Tangazo la kukatwa umeme lilikuwa getini tangu wiki iliyotangulia. Iliporudi, mimi ndiye niliwasha."

Siku hiyo hiyo Winrose aliifungua faili ya Mukiri mbele ya fundi mwingine. Kulikuwa na mstari mmoja mpya, wa Jumatatu: Gladwell Mwendwa awekwe wa kwanza, kila siku ya zamu. Mtu wa mwisho angedondoka.

Mukiri alipatikana Embu saa tisa alasiri, akifuta ubao. Winrose aliweka karatasi mezani.

"Gladwell ni nani wako?"

Kijana alisoma, akakaa chini. "Ni mama."

"Ulingoja stima ikatike."

"Ningewasha seva mwenyewe, jina langu lingebaki kwa rekodi." Akaisukuma karatasi kando. "Miezi mitano amengoja nafasi, Sajini. Alikuwa amevimba miguu hadi viatu vikakataa. Mimi ndiye niliyeandika hiyo programu, halafu inamwambia mama yangu angoje."

"Na Rukaya?"

"Sikujua ni nani angetoka."

"Lakini ulijua kuna mtu."

Alipovishwa pingu, Mukiri aliuliza kitu kimoja: mama angeendelea? Winrose alitazama dirishani.

Suhail aliachiliwa jioni hiyo. Idrisi aliambiwa ukweli akaitikia kwa kichwa, akarudi kukata nyama. Hakuna aliyemwomba Suhail msamaha, Winrose naye hakuweza. Alimrudishia simu na mkanda wake tu.

Ule mstari ulifutwa, na nafasi ya Rukaya ikapewa aliyefuata kwenye foleni. Jumatano saa mbili asubuhi Winrose alifika hospitalini kuchukua maelezo ya karani. Gladwell alikuwa kwenye benchi, leso kubwa kichwani, kadi ya hospitali mkononi. Sista Runji alikuwa amempita mara mbili bila kusimama.

"Mwanangu," Gladwell alimwita Winrose, "karani anasema sina jina leo. Kijana wangu anafanya kazi na hizo kompyuta. Unaweza kumpigia?"

Winrose aliketi kando yake, akamshika mkono. Ulikuwa umevimba tayari.

"Mama," alisema. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa wanane.