Pampu ya Lori la Venansi

Mambo haya yalimpata rafiki yangu Felisiani, fundi wa magari wa Majengo, hapa Mpanda, mwaka 1956. Kaka yake Venansi alikuwa amefariki kwa homa masika yale, akaacha mjane na lori kuukuu la kabla ya vita, pampu yake ya maji ya kupoza injini imekufa. Vipuri vya lori lile havikuletwa tena. Enzi za uhai wake Venansi alivifungua kwenye malori yaliyotupwa, akavipaka grisi, akavifunga magunia na kuvihifadhi katika stoo ya udongo isiyo na dirisha.

Tangu msiba hakuna aliyeifungua. Adhuhuri moja Felisiani alimwomba mjane ufunguo.

"Nenda tu, shemeji," Bibiana alisema. "Mimi bado siwezi. Kila kitu mle amekifunga yeye kwa mkono wake."

Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Alipoingia, mlango ulijirudi nyuma yake na giza likamfunika. Akiwa anapapasa rafu, alisikia mbele yake spana ikikaza nati, kri, kri, kri, taratibu, kama ya fundi asiye na haraka. Machozi yalimtoka kabla ya woga, maana mkono ule aliujua.

"Kaka," aliita.

Sauti ikakoma. Vidole vyake vikagusa gunia, na ndani yake pampu aliyoitafuta. Akatoka nalo mbio, akalifungua mbele ya shemeji yake. Bibiana aliigusa pampu, akaurudisha mkono upesi. Chuma kilikuwa cha moto, na mdomoni mwa pampu maji yalikuwa bado yanafuka mvuke.