Visima Vilivyopanda Mlima

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasiva alimtwika punda madumu na kuteremka naye mtoni. Mto wao, huko upande wa Nuu, ulikuwa mto wa mchanga. Maji yalipita juu siku za mvua tu, kisha yakajificha chini, na aliyeyataka ilimbidi ayachimbe. Kila boma lilikuwa na kisima chake humo mchangani, kimezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasikivuruge, nacho kiliitwa kwa jina la mwenyewe. Kulikuwa na Kwa Kiilu, Kwa Wavinya, na vingine vingi. Cha kina Kasiva kiliitwa Kwa Kanyiva. Kanyiva alikuwa nyanya yake, na Kasiva alimwita Susu.

Mwaka huo neno lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa bwawa la mchanga. Injinia Nzilani, mwanamke mrefu kutoka Mbumbuni kule Makueni, aliwaeleza kwamba kwao lilijengwa bwawa kama hilo na punda wakapumzika. Ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto. Ukuta unazuia mchanga, nao mchanga unazuia maji. Lakini ukuta ungejengwa palipo na visima vingi, kwa sababu hapo ndipo maji hulala. Basi akawaazima kifaa chake cha GPS, kidude cha mkononi kilichochakaa kingo, ambacho husikiliza satelaiti na kutoa namba za mahali uliposimama. Wanafunzi wa chama cha mazingira walizunguka nacho kisima hadi kisima pamoja na Mwalimu Nyamai, wakihifadhi namba ndani yake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzihamisha namba hizo hadi kwenye kompyuta ya shule.

Kasiva alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mwalimu Nyamai alimkabidhi kifaa, na kabla ya kuingia mkutanoni akamwambia, "Kompyuta ikikataa, niite."

"Utamwita tu," Kaloki, mwanafunzi mwenzake, alimtania, mkebe wa kumwagilia miche mkononi. "Hicho kidude kimezeeka kuliko baba yangu."

"Wewe mwagilia mboga zako. Kabla hujamaliza nitakuwa nimefunga kompyuta."

Maneno ni rahisi. Waya wa kifaa ulikuwa na kichwa cha zamani kisichoingia popote. Kasiva alikwenda ofisini akaazima kipande cha kuunganishia, ukaingia, kompyuta ikasema haikijui kifaa hicho. Alipofungua programu iliyokuja nacho, aliambiwa ilitengenezewa kompyuta za zamani. Akatafuta nyingine mtandaoni, akaanza kuipakua. Ilipofika katikati, bando likaisha. Alipochomoa waya na kuuchomeka tena, kifaa kikaonyesha picha ya kompyuta na kompyuta ikaonyesha picha ya kifaa, kama majirani wawili wanaotazamana juu ya ua bila kusalimiana. Nje, Kaloki alikuwa anamalizia mstari wa mwisho wa miche.

Hapo ndipo kisanduku cha maneno ya Kiingereza kilipojitokeza. Kasiva hakuyaelewa yote. Aliona tu kwamba kompyuta ilitaka kufanya jambo fulani ili ikitumie kifaa kile, na chini yake palikuwa na sehemu mbili, ya kukubali na ya kukataa. Akakumbuka kwamba mwalimu alisema aitwe. Kisha akamsikia Kaloki akipiga mluzi, akabonyeza kukubali.

Kompyuta ikatulia. Kifaa kikaonekana, safi kabisa. Kasiva akafungua, akafunga, akafungua tena. Hakuna Kwa Kiilu. Hakuna Kwa Wavinya. Mashine ilikuwa imeomba ruhusa ya kufuta kila kitu, naye alikuwa ameitoa.

Kaloki alichungulia dirishani akauliza kama amekwama. "Nimemaliza," Kasiva akajibu, na neno hilo likamshangaza hata yeye mwenyewe.

Namba za kisima cha Susu alizijua kwa moyo, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyewasomea wenzake kwa sauti. Akaziandika. Visima vyote viko mto mmoja, alijiambia, kwa hiyo namba zao lazima zifanane. Akazinakili zile za Susu tena na tena, akibadilisha tarakimu moja hapa na mbili pale, mpaka kila jina likapata namba. Mwalimu aliporudi alimpa mkono wa pongezi, na siku hiyohiyo namba zikatumwa kwa injinia.

Jumamosi mwethya mzima ulikutana kanisani. Mwethya ni kundi la majirani wanaolimiana na kujengeana kwa zamu, na anayeusaliti huachwa. Jembe lake hulima peke yake, na paa lake likianguka hakuna anayekuja. Susu Kanyiva alikuwa mwenyekiti wao. Injinia Nzilani aliwasha projekta, ramani ikatandazwa ukutani, mto ukapita katikati kama mshipi wa kahawia. Watu wakanyoosha shingo. Kisha vitone vyekundu vikajitokeza, kila kimoja na jina lake.

Kimoja kilikuwa kileleni mwa mlima. Kingine kilikuwa katikati ya makaburi, na viwili vilikuwa vimevuka barabara hadi kwenye malisho ya watu wengine. Injinia mwenyewe aliisogelea ramani, akavua miwani, akaivaa tena.

Mzee Kiilu ndiye aliyeanza. "Kisima changu nilikiacha mtoni asubuhi," alisema. "Kumbe nikigeuka tu kinapanda mlima."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi. Wavinya alikuwa amesimama, kidole chake kikielekea ukutani. Mtoni mlikuwa na kitone kimoja tu, nacho kilikuwa Kwa Kanyiva.

"Dada Kanyiva," alisema polepole, "visima vyetu vyote vimefukuzwa mtoni. Chako tu ndicho kimebaki. Bwawa litajengwa mlangoni pako, sivyo?"

Minong'ono ilianza kwenye viti vya nyuma ikaja mbele kama moto wa nyasi. Mmoja alikumbusha kwamba injinia alikunywa chai kwa Kanyiva. Mwingine alitaka mwenyekiti ajiuzulu hapohapo. Susu aliketi, kitenge chake mapajani, akiitazama ramani kana kwamba ilikuwa imemtukana. Alikuwa amelima mashamba ya karibu kila aliyekuwa mle ndani. Kasiva aliona midomo yake ikitetemeka, jambo ambalo hakuwahi kuliona, hata siku ya kumzika babu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Kasiva ilikuwa imefika ukutani mwa kanisa. Alisimama.

"Susu hajafanya kitu," alisema. "Ni mimi. Kompyuta iliniuliza, nikakubali, ikafuta zote. Hizo namba nimezitunga."

Mwalimu Nyamai alishika kichwa. Wavinya aliketi taratibu, macho chini.

"Nilidhani nikibadilisha kidogo, kisima kitasogea kidogo," Kasiva aliongeza, machozi yakimtoka.

Injinia Nzilani alivuta pumzi ndefu. Alieleza kwamba tarakimu moja kwenye karatasi ni ndogo kama kiroboto, lakini kama kiroboto, huruka mbali. Kama angezifuata namba zile, wangeweza kujenga mahali ambapo hapajawahi kupita tone. Na wiki iliyofuata alitakiwa kuzipeleka ofisini kwao. Wakichelewa, saruji ingekwenda kijiji kingine. Kuhusu kompyuta, alisema kifaa chake kiligombana nayo tangu zamani, na yeye alikuwa na kosa la kutowaonya. "Lakini namba hujionyesha usoni pa kifaa," alisema. "Mashine zikikataa kuongea, sisi tuna macho na kalamu."

Susu alisimama, akajifunga kitenge kiunoni. "Jua bado liko," alisema. "Twendeni mtoni."

Walikwenda wote. Kila mwenye kisima alisimama kwenye kisima chake, Kasiva akasoma namba kwa sauti, Kaloki akazirudia, mwalimu akaandika. Walipofika Kwa Wavinya, mama huyo alimshika Susu mkono mbele ya watu akamwomba radhi. Mzee Kiilu alikipigapiga kisima chake ukingoni akakionya kisiondoke tena. Jioni vitone vyote vilikuwa mtoni, vimesongamana penye kona ya mawe, na injinia akasema ukuta utasimama pale.

Mwethya haukumwacha Kasiva bila faini. Ujenzi ulipoanza, kila Jumamosi alibeba mchanga pamoja na watu wazima mpaka ukuta ukakamilika. Hakulalamika.

Siku ya mwisho ya kazi, walipokuwa wakimrudisha punda nyumbani, alimuuliza Susu kwa nini hakumchapa wala kumkemea.

"Ulisimama mwenyewe," Susu alimjibu. "Mimi nilisoma madarasa machache, na mashine hizo sizijui. Lakini nikiulizwa jambo nisilolielewa, sikubali wala sikatai. Ninauliza kwanza. Kutojua si aibu, mjukuu wangu. Kosa lako la kwanza lilifuta namba, na namba tumezipata kwa jioni moja. La pili lilitaka kufuta jina langu. Hilo, kama ungenyamaza, tungelitafutia mto gani?"

Kasiva alishika kamba ya punda, wakapanda taratibu, na nyuma yao ukuta ulikuwa umesimama mtoni, ukingojea mvua ilete mchanga.