Kadi ya Bi Masjala

Saa mbili kasorobo asubuhi kadi ya karani wa masjala iligoma kufungua lango la ofisi, na foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Alivaa gauni la kijani lililomkaa barabara, na machozi yalikuwa karibu. Fundi wa kompyuta akaichukua kadi, akaifuta kwa shati lake, lango likafunguka.

"Kumbe ilitaka kubembelezwa tu," alisema.

"Na wewe ndiye mbembelezaji wa ofisi?"

"Wa kadi. Kwa watu bado najifunza."

Yule dada akacheka, na fundi akawa hana ujanja tena. Miezi minane ikapita kwa simu zisizokwisha, Bi Masjala huku, fundi wangu kule, hadi posa ikatajwa.

Kisha mama yake karani akafanyiwa upasuaji, naye akaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, akiingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa mbali kwa kadi ileile ya langoni, aliyoichomeka kwenye laptopu yake. Siku ya kwanza tu akapiga simu.

"Mpenzi, inasema haioni kadi. Na kadi hii hapa, nimeichomeka!"

"Kabla ya kuunganisha au baada?"

"Baada."

"Chomoa, funga kila kitu. Kadi kwanza. Halafu kwenye mipangilio, weka tiki pale pa kuruhusu kompyuta ya huku iione kadi yako."

Vitufe vikabofywa, kisha kigelegele. "Imekubali! Nikupe nini, mpenzi?"

"Jibu la posa."

"Hilo mbona unalo."

Wiki ya tatu, fundi ndiyo kwanza ametoka likizo, karani akaandika kwamba kadi inasumbua tena. Fundi akafungua kumbukumbu za mfumo. Tangu Jumamosi kadi ya mchumba wake ilikuwa ikiingia kutoka kwenye kompyuta yenye jina la mkurugenzi. Jumamosi! Siku aliyosema hatoki, anamuuguza mama. Wivu ukampanda kichwani. Mtu mzima na akili zake angeinua simu akauliza. Yeye aliwaandikia wakubwa kwamba kadi ya karani inatumika kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kufika adhuhuri kadi ilikuwa imefungwa na mwenyewe amesimamishwa kazi. Alimpigia fundi mara kumi na moja. Fundi hakupokea.

Siku ya nne mtunza stoo akamuuliza, "Ile laptopu ya zamani ya mkurugenzi inamfaa shemeji? Yake iliharibika, nikampa kaka yake Ijumaa ampelekee, wewe ukiwa likizo."

Fundi akakumbuka. Laptopu ile aliisafisha yeye mwenyewe, akafuta kila kitu, ila kubadilisha jina akaona uvivu.

Alikiri kwa wakubwa siku hiyohiyo. Kesho yake karani akaja dirishani kwa fundi, amevaa sketi nyeusi, laptopu kwapani.

"Nisamehe, mpenzi. Kazi yako imerudi. Na wazee wangu wako tayari kuja kwenu Jumapili."

"Kazini nitarudi, mama anahitaji dawa. Wazee wako waambie wasijisumbue."

"Nilikasirika tu."

"Namba yangu ulikuwa nayo, ukaenda kuwaandikia wakubwa. Siku ukikasirika nikiwa mkeo, utamwandikia nani?"

Karani akaiweka laptopu dirishani. Akamsogezea karatasi ya kurudisha vifaa, na fundi akatia sahihi, maana hilo ndilo pekee aliloombwa.