Magamba Ndani ya Depo

Hapakuwa na mende mkubwa hata mmoja. Hilo ndilo lililomshangaza Bernadette. Nyumba yake ya Kindu ilijaa watoto wa mende tu, wadogo kama punje za mpunga, na hawakukua. Kila asubuhi alifagia magamba waliyojivua mlangoni pa depo, chumba kidogo cha kuwekea chakula. Kila gamba lilikuwa limepasuka mgongoni.

Alitia dawa, wakazidi. Binti yake Christelle alimtania kwamba sasa anafuga. Siku Christelle alipowakuta wakila kope za mwanawe mchanga, Israël, utani ukaisha. Kwenye kituo cha afya mizani ilionyesha mtoto ana kilo zilezile, mwezi wa tatu mfululizo.

Wakamwita Mwalimu Ayoubu. Alisoma dua chumba kwa chumba, akasimama ndani ya depo. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilipanda kutoka sakafuni.

"Mama Berna, iko nani hapa chini?"

Bernadette alitazama mlango kwanza. "Pacha ya Christelle," akanong'ona. "Wakati ya vita. Alikuwa na siku munane tu. Masasi ya bunduki ilikuwa inapita kila njia, kwa makaburi hatungefika."

Alimzika ndani ya sanduku la bati, kisha akamimina saruji juu.

"Na sehemu yake ulikuwa unamupa?"

Akatikisa kichwa. Kwao, pacha akifa haachi kula: akipewa mwenzake, naye huwekewa chake, tonge la wali au kipande cha kitambaa. Bernadette alitaka kusahau. Miaka ishirini na zaidi hakumwekea hata punje.

"Basi kitu ingine iliingia mahali yake," mwalimu alisema. "Na sasa inakula ya Israël."

Christelle alimlaza mtoto kitandani, akaja kushika taa. Wakavunja saruji, mwalimu akisoma kwa sauti ya chini, na Bernadette, sanda nyeupe ikiwa tayari begani kwa ajili ya mifupa, akainua kifuniko kwa mikono miwili, lakini mifupa haikuwapo, lilikuwapo gamba moja tu, la rangi ya chai, refu kuliko mtoto wa siku nane, refu sawa na Israël, limepasuka mgongoni kuanzia shingoni hadi kiunoni, na ndani lilikuwa bado bichi, kama lililovuliwa sasa hivi. Na kule chumbani Israël, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, akanyamaza.