Jina Kwenye Kichupa

Damu ilikataa kuganda. Nusu saa tu, kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, ilitakiwa iwe imeshikana kama uji uliolala, na hii ilikuwa saa ya tatu bado inacheza humo ndani, tena ukikishika kichupa ni cha moto, joto la mwili wa mtu.

"Umekosea kichupa," Redio, mwanafunzi aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimwi, alimwambia Mama Kibonge.

"Kizibo chekundu hicho, hakina dawa. Sijakosea."

"Basi umemtoa damu shetani." Redio akacheka, akanusa, akaacha kucheka. "Mbona kinanuka nywele zilizoungua?"

Mama Kibonge akakigeuza kichupa, lebo isionekane. Darasa zima lilimwita hivyo kwa ajili ya mwanawe wa mwaka na nusu, mashavu hayo, aliyelelewa na bibi yake ili mama mtu amalize shahada ya maabara. Alijua alipokosea.

Jana yake, akinyonyesha, alikuwa anajizoeza kujaza lebo. Akakosa jina la kuandika, akaandika la mwanawe, jina kamili hadi la ukoo, akabandika, kichupa kikabaki mfukoni mwa koti jeupe. Asubuhi alifika mbiombio, amechelewa, akamkuta mwanamke amekaa kwenye kiti cha kutolea damu, mtandio hadi kwenye nyusi. Alidhani ni mmoja wa wanaojitolea kwa mazoezi. Akachomoa mfukoni kichupa cha kwanza kugusa mkono, kile cha jana, akasoma lebo bila hata kufikiri, "Wewe ndiye," akalitaja jina lote.

"Ndiye mimi," mwanamke alisema polepole, kama mtu aliyepewa zawadi.

Mkono wake ulikuwa baridi, na mshipa ulijiinua wenyewe kuifuata sindano. Mama Kibonge alipogeuka kuchukua pamba, kiti kilikuwa kitupu, na mlango haukulia.

Muhula mzima Bi Taratibu, mwalimu wa stadi za mawasiliano, aliimba wimbo mmoja: "Mgonjwa hatajiwi jina. Muulize anaitwa nani, kisha unyamaze. Ukimtajia, mwenye hofu ataitikia, kiziwi ataitikia, na asiye mgonjwa ataitikia vilevile." Wao walicheka, wakaliona somo la kujazia ratiba. Asubuhi hiyo mwalimu alimuuliza, "Alijitaja mwenyewe?" naye akasema ndiyo, kwa sababu kosa hilo ni kurudia mwaka, na mama yake hakuwa na mgongo wa kubeba mjukuu mwaka mwingine.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni mama yake, ananong'ona.

"Mwanangu, nimemwambia mtoto sasa tule. Nimemwita kwa jina lake lile refu, kwa utani tu."

"Eeh, mama?"

"Nimeitikiwa kutoka chumbani."

"Si ndiye huyo?"

"Ninaye mgongoni."

Hakukumbuka kukata simu, alikumbuka tu ukumbi mrefu na viatu vyake vikipiga sakafu, na nyuma yake viatu vingine vidogo vikipiga vilevile, akisimama navyo vinasimama, akikimbia vinakimbia, na ile harufu ya nywele imemtangulia hadi mlangoni kwa Bi Taratibu, ambako alimwaga kila kitu, lebo, uongo, mtoto, akilia makamasi yanatoka.

Bi Taratibu hakucheka. "Kosa la lebo husahihishwa na aliyelifanya. Rudi ukaulize ulivyopaswa kuuliza. Kisha ukate jina."

"Utanifelisha, mwalimu?"

"Nitakufelisha, tena vizuri. Lakini mtoto kwanza."

Kwenye chumba cha kutolea damu kiti kilikuwa kitupu, ila mto wake ulikuwa umebonyea kama umekaliwa. Bi Taratibu alisimama nyuma ya Mama Kibonge, amemshika bega.

"Unaitwa nani?" Mama Kibonge akauliza, akanyamaza.

Ikaja sauti ya mwanawe, ile ya kutamka nusu nusu, ikilitaja jina lake.

"Usimjibu," alinong'ona Bi Taratibu. "Uliza tena."

"Unaitwa nani?"

Kimya kilivutika, taa zikalia kama nyuki, kitu kikapumua karibu sana na uso wake, na alitamani kusema lolote ili kile kimya kiishe, lakini alijiuma ulimi hadi akaonja chumvi.

"Sina," kiti kikasema. "Ulinipa wewe."

"Nilikosea," alisema. Akapiga mstari mmoja juu ya jina kwenye lebo, akatia sahihi na saa. Ndani ya kichupa damu ikashikana papo hapo. Mto ukainuka taratibu.

Jioni, nyumbani, kulikuwa shwari. Mama na bibi walikubaliana: lile jina lisitamkwe tena, mtoto ni Kibonge, basi. Kibonge alikuwa pajani pa mama yake, ameshiba, anacheza na kifungo. Waliyekosa kumwambia ni mmoja tu, baba yake, dereva wa lori, ambaye simu yake haikupatikana siku tatu.

Alifika kabla taa hazijawashwa, begi begani, furaha imemjaa, na kabla mkewe hajainua mkono kumzuia, akaita kwa sauti kubwa toka mlangoni jina zima la mwanawe, la kwanza hadi la ukoo.

Hakuna aliyeitikia. Bibi akashusha pumzi.

Kibonge hakumtazama baba yake. Alitazama mlango wa chumbani, akafuata kwa macho kitu kilichokuwa kinakuja polepole, akatabasamu. Kisha akajisogeza upande mmoja wa paja la mama yake, kama mtu anayempisha mwenzake akae.